Goli la Ng'ombe wa Mzee Hirsi

Mmenikalisha hapa mbele yenu, nyinyi makarani wapya wa Garissa wenye kalamu mbili mbili mfukoni, mkataka niwaambie kazi ya ofisi nilijifunzia wapi. Haya, nitasema, na mkitaka kucheka chekeni, sitakasirika sana. Nilijifunzia uwanja wa mpira. Nikiwa refa. Nikiwa na kipenga mdomoni, jasho machoni, na sijui kinachoendelea.

Nitawaambia pia habari ya asubuhi moja niliyokaribia kuwaua ng'ombe wa mzee mmoja, zizi zima, bila kumgusa hata mmoja wao. Nilitumia kalamu tu, kama hizo zenu. Mpaka leo nikiikumbuka asubuhi ile kichwa kinanizunguka, kwa sababu nilikuwa na walimu wawili wa kazi, kila mmoja alinifundisha kinyume cha mwenzake, na wote wawili walikuwa sawa. Sasa mtu afanye nini hapo? Mkipata jibu mniletee nyumbani.

Mwalimu wa kwanza alikuwa Bwana Shee, karani mkuu, mtu wa Lamu. Mfupi, msafi, koti lake halikushika vumbi, na Garissa ya wakati ule, kabla ya Uhuru, ilikuwa vumbi tupu. Yeye ndiye aliyekuwa refa wa mechi ya kila Alhamisi jioni, polisi na watu wa mjini. Magoti yakamkataa. Siku moja akaja mezani kwangu, akaweka kipenga juu ya barua niliyokuwa nikiiandika.

"Kuanzia wiki hii refa ni wewe," akasema.

"Bwana Shee, mimi sijui sheria za mpira."

"Ulipokuja hapa ulijua kuandika barua?"

"Hapana."

"Basi."

Akageuka, akaenda zake. Hivyo ndivyo nilivyopata cheo. Kesho yake akanipa karatasi mbili alizozipiga taipu mwenyewe, sheria zote za mpira kwa Kiswahili, na nakala ya kaboni akaiweka kwenye faili. Nilizisoma nikila chakula cha mchana, nikazisoma tena nikiwa msalani, na ilipofika Alhamisi nilikuwa nimesahau zote.

Uwanja wetu ulikuwa karibu na malka. Malka, kwa nyinyi mliokuja kutoka mbali, ni njia ya kuteremshia mifugo mtoni Tana wakanywe. Na mnajua kwetu mchungaji akiwafikisha ng'ombe majini huwapigia mluzi, taratibu, ili wajue kwamba sasa wameruhusiwa, wanywe. Ng'ombe wa huku anaujua mluzi kuliko anavyolijua jina la mwenyewe. Mimi mtoto wa wafugaji, nimepiga mluzi tangu sijaota meno ya utu uzima. Wallahi, wazo kwamba kipenga nacho ni mluzi halikunijia hata kidogo.

Siku hiyo ng'ombe wa Mzee Hirsi walikuwa wamezuiliwa kando ya uwanja, wanasubiri wenzao watoke mtoni. Mzee Hirsi alikuwa mfugaji wa upande wa Ijara, mzee mwenye jina, na mwanawe mkubwa Noor, mwanamume wa ndevu tayari, ndiye aliyekuwa mshambuliaji wa timu ya mjini. Mpira ukachezwa vizuri dakika chache. Halafu askari mmoja akamkata Noor mguu, nami nikapuliza kipenga kwa nguvu zangu zote.

Ng'ombe wakaja.

Wakaja wote! Walipita katikati ya uwanja wakielekea mtoni, wachungaji nyuma yao wakipiga kelele, vumbi likapanda, sioni kipa, sioni mwenye mpira. Nikapuliza tena ili mchezo usimame. Ng'ombe wakaongeza mbio. Nao wachezaji, kwa kuwa kila mmoja aliusikia mlio akaufasiri kwa faida yake, wakaendelea kucheza. Noor akainuka, akapiga shuti. Shuti lilikuwa linakwenda nje kabisa, kila mtu aliona, lakini likampiga ubavuni ng'ombe mmoja mweupe wa baba yake, likageuka, likaingia golini.

Mjini wakashangilia, polisi wakanizunguka. Kapteni wao, Sajini Mutua, jitu refu la Ukambani, akanishika bega: "Refa! Hii ni nini?"

Swali zuri. Sikujua. Zile karatasi mbili zilikuwa zimepeperuka kichwani. Nikafanya kitu pekee nilichokijua tangu utoto: kwetu watu wakigombana hukati neno kabla ya kila mtu kusikilizwa. Nikawakalisha chini. Timu zote mbili, katikati ya uwanja, kwa duara. Wazee waliokuwa wakitazama walipoona duara, nao wakaingia wakakaa, maana hawajawahi kuona duara lisilowahusu. Nikasema, haya, aanze mwenye kudai.

Mjini wakadai kwamba ng'ombe ni wa kina Noor, Noor ni mchezaji, na mali ya mtu ni kama mkono wake, kwa hiyo goli ni halali. Mzee mmoja akaongeza kwamba ng'ombe huyo ametoka kwa mama wa Noor, kwa hiyo ni mjomba wake kabisa. Polisi wakasema ng'ombe hana jezi. Mjini wakasema Noor pia hana, timu yao yote ilikuwa imevaa vikoi. Ndipo Sajini Mutua akasimama, akavuta kaptura yake, akasema kwa upole: "Sawa. Kama ng'ombe ni mchezaji, basi alikuwa ameotea."

Loo! Hapo ndipo mambo yakachacha. Wazee wakataka waelezwe kuotea ni nini. Nikaeleza, nikajichanganya, nikaeleza upya kwa kuchora mchangani. Wakaitwa mashahidi waseme ng'ombe alisimama wapi. Mchungaji akaapa. Adhana ya magharibi ikaita, watu wakainuka wakajipangusa, wakaenda kuswali, na mimi nikabaki peke yangu na kipenga na mchoro.

Asubuhi Bwana Shee akaniuliza matokeo ili ayabandike ubaoni.

"Kesi inaendelea," nikamwambia.

Akanitazama kwa muda. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akanitazama tena, pengine alidhani atamwona mtu mwingine. Halafu akafunga mlango akanifundisha. Mpira ukigonga kitu cha nje, refa husimamisha mchezo, huudondosha chini palepale, wanaanza upya. Goli hakuna. Refa haombi ushauri kwa wachezaji. Anaamua hapo hapo, hata kama roho inamdunda. "Na ukigundua umekosea," akasema, "unaweza kubadili. Lakini kabla mpira haujaanza tena. Ukishaanza, Dahir, umekwisha, hata malaika hawarudishi."

Hayo ni ya mwalimu wa kwanza. Mchana wake akaja ofisini mwalimu wa pili, Mzee Hirsi mwenyewe, kuomba pasi ya kusafiri. Siku hizo hungeweza kutoka wilaya moja kwenda nyingine bila karatasi. Nilipokuwa nikiiandika akainamia meza yangu.

"Adeer," akaniambia. Kwetu baba mdogo na mtoto wa ndugu huitana hivyo wote wawili, na ni neno la heshima. "Jana, kabla hujawasikiliza wale watu, uliwauliza kama watakubali utakachosema?"

"Sikuwauliza, adeer."

"Sasa ungesema nini? Hata ungesema kweli tupu, ingekuwa maneno ya mtu mmoja. Mtu huulizwa kwanza: hukumu yangu, umeikubali? Anasema nimekubali, mbele ya watu. Ndipo unaitoa. Akishakubali, hata ikimuuma, inamfunga yeye na inamfunga aliyeitoa. Hairudi."

Mnaona sasa? Mmoja anasema usiulize mtu, na ukikosea badilisha upesi. Mwingine anasema uliza kwanza, na ukishatoa hubadilishi kamwe. Nikalala, nikaamka, nikawachanganya wote wawili kama chai na maziwa. Kuanzia wiki iliyofuata, ng'ombe walikunywa kwanza ndipo tunaanza mechi. Kabla ya kuanza niliwaita makapteni, nikawauliza mbele ya watazamaji: "Kipenga changu mmekikubali?" Wakasema wamekubali. Kisha nikawa sijadiliani na mtu. Wallahi mechi zikatulia. Sajini Mutua alikuwa akitaka kunitukana, anakumbuka alivyosema, anageuka anakwenda kuupiga teke mti wa goli.

Na ofisini je? Hapo ndipo mlipotaka nifike, najua, mnatazama saa. Sikilizeni. Wakija watu ishirini dirishani wanapayuka, usimjibu anayepayuka zaidi. Uliza kapteni ni nani. Watabishana kidogo wao kwa wao, watapoa, atakuja mmoja, na shida itakuwa imeshapungua nusu. Jambo la pili, kaa karibu na mpira. Karani anayengojea faili iletwe mezani ni kama refa aliyesimama golini anaamua ya goli la pili. Inuka uifuate. Na kuna hili nililojigundulia: kipenga kikiwa mdomoni huwezi kutukana. Nilipokuwa na hasira dirishani niliweka kalamu katikati ya meno. Wateja walidhani ninafikiri, wakaniheshimu. Nimevunja kalamu nyingi kwa njia hiyo lakini sijawahi kufukuzwa kwa matusi.

Disii, yule bwana mkubwa wa wilaya, Mzungu, alisikia habari ya kuuliza makapteni akaipenda. Akasema tufanye hivyo barazani: kabla ya tangazo lolote la mifugo na maji, watu waulizwe kama watakubali. Ilimwondolea kelele. Na aliyeuliza, kwa kuwa ndiye mkalimani, nilikuwa mimi. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililoniingiza shimoni.

Ukaja mwaka wa ukame. Visima vya ndani vilikauka, watu wakaja mtoni kutoka kila upande, wengine kutoka mbali huko Hadado, na malka ikawa haitoshi. Watu walianza kuchomoleana visu. Wazee wakakaa na Disii siku mbili, wakapanga zamu: ukoo huu siku hii, familia hii asubuhi, ile jioni. Asiye na zamu haruhusiwi kuteremka. Dubas, wale askari wetu wa vilemba vyekundu, wangesimama mtoni na orodha, na asiyekuwamo angerudishwa na mifugo yake. Mimi niliandika rasimu wazee wakisema, kwa penseli, na Mzee Hirsi alikuwa mmoja wao aliyekaa pale, nikamwandika. Halafu nikainakili kwa wino, kwa haraka, huku watu wamejaa dirishani na mimi nawajibu bila kuwatazama. Nikampelekea Bwana Shee ailinganishe na rasimu. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Akaniuliza, "Ni sawa?" Nikasema ni sawa. Akaandika chini, imelinganishwa, akatia sahihi. Muhuri ukagongwa.

Asubuhi baraza likakaa mbele ya ofisi. Nikasimama kwenye ngazi na orodha mkononi, nikauliza kwa sauti: zamu nitakazosoma mmezikubali? Wazee wakajibu mmoja mmoja, nimekubali, nimekubali. Mzee Hirsi aliitikia akiwa mbele kabisa, kwa sauti iliyosikika hadi sokoni.

Nikasoma. Nikafika mwisho.

Jina la Mzee Hirsi sikulisoma.

Nikarudia kwa macho kutoka juu hadi chini. Halimo. Nikamtazama Mzee Hirsi. Ng'ombe wake walikuwa na siku ya tatu bila maji, walikuwa wamezuiliwa pale pale kwenye njia ya malka, tunawaona mbavu kutoka tulipokaa. Bila zamu ya siku ile wasingefika popote. Na bila ng'ombe, yule mzee na nyumba yake yote, wake, watoto, Noor na watoto wa Noor, wangekuwa watu wa kuomba. Kila mtu pale alijua.

Nikangoja apige kelele. Mtu yeyote kati yenu angepiga kelele, sivyo? Hakusema kitu. Alikuwa ameshakubali mbele ya watu. Alisimama pole pole, akaitupa shuka yake begani, akamwambia Noor, "Twende tukawatoe ng'ombe njiani." Basi. Akaanza kuondoka.

Nami nimesimama na karatasi kama gogo! Maana sikujua, wajukuu zangu, hicho ndicho ninachotaka mkielewe, sikujua. Labda niliruka mstari nikinakili. Lakini labda wazee walimtoa baadaye nisipokuwapo. Labda Disii mwenyewe alimfuta kwa kosa fulani, alikuwa akifanya hivyo. Kama nikifungua mdomo na kumbe ametolewa kwa makusudi, nimemwaibisha Disii barazani. Kama nimekosea mimi, mwezi uliopita tu karani mwenzetu alifukuzwa kwa kupeleka barua kituo kisicho chake, na mimi nina mke, nina mama, nina mtoto wa wiki sita. Isitoshe Bwana Shee ametia sahihi. Na hata nikishinda yote hayo, hukumu imeshakubaliwa! Hairudi! Aliyenifundisha hivyo ndiye anayeondoka. Kila nilikogeuka kulikuwa na mlango umefungwa.

Disii akachukua kofia yake. Koplo wa dubas akanyoosha mkono, nikampa orodha, sijui kwa nini nilimpa, mkono ulitoa wenyewe. Akaikunja akaichomeka mshipini, akageuka kwenda mtoni. Hapo ndipo kitu kikaniambia: mpira unakaribia kuanza.

Mkono ukaingia mfukoni. Nikapuliza kipenga.

Wallahi barazani! Mbele ya Disii! Kofia ikamtoka mkononi. Sajini Mutua aliyekuwa amesimama ulinzi akaganda mguu mmoja hewani, akaanza kutafuta mpira kwa macho. Noor akasimama. Baba yake hakusimama, aliendelea kutembea, mgongo umenyooka. Lakini kule kwenye njia ya malka ng'ombe wakausikia mlio, wakaanza kulia. Wote kwa pamoja, wakaanza kusukumana na dubas. Mzee Hirsi alipowasikia ng'ombe wake wakijibu, akageuza kichwa.

"Una wazimu?" Disii akaniuliza kwa Kiswahili.

"Sijui, bwana," nikasema, na nilikuwa nasema kweli. "Sina hakika na orodha. Naomba niione rasimu kabla koplo hajafika mtoni."

Bwana Shee hakungoja kuambiwa. Aliingia ndani na funguo zake, magoti yale mabovu, akatoka na rasimu yangu ya penseli, akanipa bila kunitazama. Jina lilikuwamo. Mstari wa kumi na moja, siku ile ile, asubuhi. Jicho langu liliruka kutoka wa kumi likaenda wa kumi na mbili.

"Nani aliandika hii?" Disii akauliza.

"Mimi, bwana."

"Nani alilinganisha?"

Bwana Shee akavua miwani. "Mimi, bwana," akasema. "Na sikulinganisha."

Mnadhani hapo yaliisha? Wazee wakaja juu. Mmoja akasema neno limeulizwa, limekubaliwa, limetolewa, sasa karani atalirudishaje? Akilirudisha leo, kesho nani atakubali chochote? Na alikuwa na haki! Hata sasa nikimfikiria naona alikuwa na haki. Nikashindwa kujibu kwa sheria yetu, nikajibu kwa ya Bwana Shee. Nikawaambia, refa akikosea anaweza kubadili, madamu mpira haujaanza tena. Koplo bado yuko hapa. Hakuna ng'ombe aliyekunywa. Mpira haujaanza.

Halafu mzee mmoja, yule yule aliyesema ng'ombe ni mjomba, akacheka puani. "Kwa hiyo siku ile ya ng'ombe mweupe," akasema, "ungeweza kubadilisha?"

"Ningeweza, adeer, kama ningekuwa nimeamua kwanza."

Baraza zima likacheka, hata dubas, na kicheko kikaulainisha mkutano. Disii hakucheka. Akamwita koplo, akaitaka orodha, akaliandika jina la Mzee Hirsi kwa mkono wake mwenyewe. Nusu saa baadaye ng'ombe wale walikuwa ndani ya Tana hadi tumboni. Noor alikuwa akiwapigia mluzi, na mimi nilikaa kwenye ngazi za ofisi nikalia mbele ya watu. Sikuona aibu hata kidogo.

Sikufukuzwa. Nilihamishiwa Wajir kwa muda, kwenye maji ya chumvi, kujifunza adabu. Bwana Shee aliandikiwa barua ya onyo, na mnajua nani aliyeipiga taipu? Aliniletea mwenyewe, siku moja kabla sijaondoka, akaiweka mezani, akasema, "Piga. Halafu linganisha." Nililinganisha mara tatu, neno kwa neno, kwa kidole. Nikamwambia, Bwana Shee, nisamehe. Akasema, "Umesahau mkato mstari wa nne." Na kweli nilikuwa nimeusahau.

Lakini kilichonivuruga zaidi ni Mzee Hirsi. Nilidhani angenishukuru. Niliporudi kutoka Wajir nikamsalimu sokoni, akaitikia salamu, akapita. Noor ndiye aliyeniambia: mzee ana uchungu. Amekubali mbele ya watu, akasimama kuondoka kama mwanamume, halafu mtoto mdogo akampulizia kipenga kama anayeita ng'ombe, akarudishwa. Nikamwambia Noor, lakini wangekufa! Noor akasema, anajua. Anajua wangekufa, na anajua ulifanya vizuri, na ana uchungu. Mambo hayo yote matatu yanakaaje katika kifua kimoja? Nimezeeka sasa, bado sijui.

Miaka ikapita. Siku moja nikatumwa Ijara kwa kazi ya ofisi, nikaambiwa Mzee Hirsi mgonjwa, hainuki tena. Nikaenda. Nilimkuta amelala kwenye mkeka, mwembamba, macho bado makali. Noor akaniletea maziwa. Tukasalimiana salamu ndefu, habari za watu, habari za mvua. Halafu mzee akanigeuzia macho.

"Yule ng'ombe mweupe," akasema. "Uliondoka bila kukata neno."

"Adhana iliita, adeer."

"Sasa haiiti. Kata."

Sheria nilikuwa naijua vizuri kufikia hapo, ningeweza kuisoma usingizini. Mpira umegonga kitu cha nje, unadondoshwa, wanaanza upya, goli hakuna. Nikamtazama Noor amesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa, ndevu zimeanza mvi. Nikamtazama mzee.

"Nitakachosema umekikubali?" nikauliza.

"Nimekubali."

"Goli."

Alifumba macho. Nikaona mabega yanatikisika, nikaogopa, nikamwinamia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka Noor akaja kumwinua kichwa. Alipopata pumzi akanishika mkono.

"Umekosea, Dahir," akasema. "Ng'ombe hafungi goli, hata mtoto anajua. Lakini nimekubali. Na safari hii, adeer, nakuomba, usipige kipenga."

Nilikuwa nacho mfukoni. Nikakiacha humo humo.